Kabla Hujawasha Kamera: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Filamu ya Makala Kuhusu Watoto na Familia Zilizo Katika Wakati Mgumu

Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani likauke, nyuma ya mtoto. Mvulana wa miaka tisa alikuwa akitufungulia daftari lake la michoro, ukurasa baada ya ukurasa, nasi tulikuwa na furaha kwamba hatimaye anaongea. Hakuna kati yetu aliyelitazama godoro. Miezi mitatu baadaye tulimwonyesha yeye na bibi yake mkato wa awali, yaani filamu ikiwa imeunganishwa lakini bado haijakamilika. Picha ile ilipotokea aliinama na kuziba uso kwa viganja. Bibi ndiye aliyetuambia kwa sauti ya chini: "Wenzake shuleni watajua anakojoa kitandani."

Tulikuwa tumerekodi saa nyingi za mazungumzo kuhusu ukatili alioupitia, na yeye na bibi yake waliridhia hayo yatoke. Kilichomuumiza ni godoro. Tuliiondoa picha ile siku hiyo hiyo, na tangu wakati huo kila filamu ninayoifanya naiongoza kwa swali moja: mtoto huyu akifika miaka 20, amekaa na marafiki zake, filamu hii ikachezwa, ataweza kuitazama mpaka mwisho bila kutaka kutoka chumbani? Nimeandika mwongozo huu kwa kufuata swali hilo, tangu wazo la kwanza hadi miaka ya baada ya filamu kutoka.

1. Pata swali kabla ya kupata mtoto

"Nataka kutengeneza filamu kuhusu watoto wa mitaani" si wazo la filamu bado, ni mada. Liandike kama swali la sentensi moja ambalo watu wanaweza kulijibu kwa matendo yao mbele ya kamera: nini hutokea ndani ya nyumba katika mwezi wa kwanza baada ya mtoto kurudishwa kwa wazazi? Swali la namna hiyo lina muda wake, lina wahusika wake, na linakuonyesha wazi nani unamhitaji na nani humhitaji.

Mara nyingi utagundua kwamba unamhitaji mtoto kidogo kuliko ulivyodhani. Afisa ustawi wa jamii mwenye mafaili yaliyojaa mezani, hakimu wa mahakama ya watoto, mwalimu aliyegundua kwamba mwanafunzi hali chakula, mama anayepanga foleni tangu alfajiri: hao ni watu wazima, wanajua wanachoridhia, na hadithi ya mtoto imo ndani yao. Jiulize pia kama simulizi hii inaweza kubebwa na mtu mzima aliyeyapitia hayo utotoni. Ikiwezekana, anza na huyo. Najua utakosa uso wa mtoto kwenye skrini, na najua wafadhili wanaupenda uso huo. Bado ushauri wangu ni huo.

Kisha fanya utafiti bila kamera. Kaa na wanaofanya kazi na familia hizi kila siku, uwaulize swali ambalo limenifaa kuliko yote: waliokuja kupiga picha kabla yangu walikosea wapi? Hawatakosa jibu.

Panga muda kwa ukarimu. Filamu ya Kimarekani *Hoop Dreams* ya mwaka 1994 ilianza kama wazo la filamu fupi ya nusu saa kuhusu mpira wa kikapu wa mitaani. Ikaishia kuwa miaka mitano ya kupiga picha, takribani saa 250 za mikanda, kwa ajili ya filamu isiyofika saa tatu. Huenda wewe huna miaka mitano. Lakini kama una wiki mbili tu, chagua swali linalojibika kwa wiki mbili, usiibane familia ili maisha yao yaende kwa kasi ya bajeti yako.

2. Fahamu sheria unayofanyia kazi chini yake

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989, unamhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa pale ambapo sheria ya nchi inaweka umri wa utu uzima mapema zaidi. Vifungu vyake vitatu vinaigusa kazi yetu moja kwa moja. Kifungu cha 3 kinataka maslahi bora ya mtoto yazingatiwe kwanza. Cha 12 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na kusikilizwa kulingana na umri na upeo wake. Cha 16 kinamlinda dhidi ya kuingiliwa faragha yake, familia yake na nyumba yake, na dhidi ya kuvunjiwa heshima.

Hayo ni ya jumla. Ya nchi unayofanyia kazi lazima uyapate kwa mwanasheria, tena mapema, na uende na maswali haya mkononi: Nani ana mamlaka ya kisheria juu ya mtoto huyu, mzazi, jamaa, mahakama au taasisi? Je, kuna kesi inayoendelea? Nchi nyingi zinakataza kumtambulisha mtoto aliye kwenye kesi, awe mtuhumiwa, shahidi au mwathirika, na katazo hilo halifutwi na saini ya mama yake. Je, sheria inanilazimisha kutoa taarifa nikijua mtoto anadhulumiwa? Kibali cha kurekodi shuleni, hospitalini au kwenye makao ya watoto kinatolewa na nani? Majibu yaandikwe na yakae kwenye faili la filamu.

3. Namna ya kuingia kwenye familia

Ziara ya kwanza nenda bila kamera. Ya pili pia. Simu yako ibaki mfukoni.

Njia ya kawaida ya kuzifikia familia ni kupitia shirika au taasisi inayozihudumia, na njia hiyo ina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba taasisi itakuchagulia mtoto "anayejua kuongea". Ukimsikia anasimulia msiba wake bila kusita wala kutafuta neno, kama anayesoma shairi alilokariri, ujue ameshasimulia mbele ya wageni wengi. Mshukuru, zungumzeni mengine, mwache. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: familia inaweza kuamini kwamba ikikukataa wewe itakosa msaada. Hata ukisema sivyo, wewe ni mgeni tu. Mwambie mhusika wa shirika aiambie familia wewe ukiwa haupo kwamba kukataa hakubadilishi chochote, kisha waachwe angalau siku chache kabla ya kujibu. Ukipata "hapana" baada ya hapo, ifurahie. Maana yake ni kwamba "ndiyo" za familia nyingine zina uzito.

Usichukue ridhaa kwa mtu aliye katikati ya tufani: siku ya mazishi, usiku wa kufukuzwa kwenye nyumba, kwenye korido ya hospitali. Mtu wa namna hiyo atakubali chochote.

4. Ridhaa: haipatikani siku moja

Unahitaji vitu viwili tofauti. Kimoja ni ridhaa ya mzazi au mlezi halali, kwa maandishi. Cha pili ni kukubali kwa mtoto mwenyewe, kwa maneno anayoyaelewa. Kimoja hakifuti kingine. Mama akisema ndiyo na mtoto akasema hapana, jibu ni hapana. Na pale ambapo mlezi ndiye anayetuhumiwa kumdhulumu mtoto, saini yake haina thamani ya kimaadili hata kama sheria inaitambua. Hapo unahitaji mwakilishi mwingine anayesimamia maslahi ya mtoto.

Fomu iwe katika lugha ya familia, isiyozidi kurasa mbili, na isomwe kwa sauti, kwa sababu watu wengi huona aibu kusema hawasomi vizuri. Usiweke saini moja kwa mambo yote. Tenganisha: naruhusu sura, naruhusu jina, naruhusu sauti, naruhusu nyumba yetu ionekane, naruhusu vipande vifupi mitandaoni, naruhusu picha za mnato kwa matangazo, naruhusu mikanda mibichi (yote iliyorekodiwa, kabla ya kuhaririwa) ihifadhiwe. Kila kimoja na kisanduku chake. Utashangaa watu wanavyochagua pale wanapopewa nafasi ya kuchagua. Mama mmoja alituruhusu kuonyesha sura yake na jina lake, akakataa jikoni kwake tu. Tulirekodi miezi minne bila kuingia jikoni na hatukupungukiwa.

Kwa mtoto, fanya hivi. Mpe kamera aishike. Arekodi, mtazame pamoja alichorekodi. Kisha mweleze kwamba filamu hii inaweza kutazamwa na mwalimu wake, jirani, na mtu wa mbali asiyemjua, na kwamba kitu kikishaingia kwenye intaneti watu wanaweza kukipakua na kubaki nacho hata sisi tukikifuta. Halafu mwombe akueleze yeye, kwa maneno yake: tunafanya nini hapa, na nani ataona? Akijibu "mnanipiga picha ili nipate shule", simamisha kila kitu. Hajaelewa, au kuna mtu amemwahidi jambo.

Kubalianeni ishara ya kusimamisha. Kwetu ni kiganja kilichoinuliwa. Siku ya kwanza mwambie aitumie bila sababu yoyote, mara tatu au nne, na kila mara uzime kamera kweli mbele ya macho yake. Mtoto anahitaji kuona kwamba mtu mzima anatii. Kwa baadhi yao litakuwa jambo geni kabisa.

Ridhaa ikaguliwe upya kila hatua: kabla ya kila siku ya kurekodi, baada ya mahojiano mazito, na wakati wa kuonyesha mkato wa awali. Andika kwenye fomu tarehe ya mwisho ya kujitoa, ambayo kwa kawaida ni siku filamu inapofungwa kwa ajili ya kurekebisha rangi na sauti. Mfululizo wa Uingereza ulioanza na *Seven Up!* mwaka 1964 uliwafuata watoto 14 wa miaka saba na kuwarudia kila baada ya miaka saba, hadi *63 Up* ya mwaka 2019. Katika safari hiyo baadhi yao walikataa kuendelea, wengine wakarudi baadaye. Alichokubali mtu akiwa na miaka saba si lazima akikubali akiwa na miaka 28, na filamu yako lazima iwe na nafasi ya kulipokea hilo.

5. Suala la fedha liwekwe wazi

Usinunue simulizi. Malipo kwa ajili ya kusimulia mateso humfundisha mtu kuongeza mateso, na humfunga asiweze kukataa. Lakini kuidai familia masikini ikupe siku zake bure nako si uadilifu. Lipa gharama halisi: nauli, siku ya kazi iliyopotea, chakula cha siku ya kurekodi. Kiwango kiwe kimoja kwa wote, kiandikwe, kijulikane kabla.

Na waambie kama filamu itauzwa. Mwaka 2002 ilitoka filamu ya Kifaransa *Être et avoir*, kuhusu shule ndogo ya kijijini yenye chumba kimoja. Ilipopata mafanikio makubwa kuliko ilivyotarajiwa, mwalimu aliyekuwa mhusika mkuu alikwenda mahakamani kudai sehemu ya mapato, na akashindwa. Sheria ilisimama upande wa watayarishaji, lakini hakuna anayetaka kumaliza filamu kuhusu upendo wa mwalimu kwa wanafunzi wake namna hiyo. Sentensi mbili kwenye mkataba, zilizosomwa kwa sauti, zinaweza kuzuia uchungu wa miaka.

6. Kuficha utambulisho hufanyika wakati wa kurekodi

Amua kabla ya siku ya kwanza nani ataonekana na nani atafichwa. Kwa mtoto aliyenyanyaswa kingono, aliye kwenye kesi, anayeishi na VVU ambaye hali yake haijulikani na watu, au ambaye maisha yake yako hatarini, ficha bila mjadala. Hata mlezi akiruhusu.

Kosa linalofanywa sana ni kurekodi uso wazi kwa ahadi ya kuutia ukungu baadaye. Mikanda mibichi yenye uso ule inabaki duniani, kwenye diski ya mhariri, kwenye kompyuta ya mfadhili. Ukungu mwepesi mara nyingine hufumbuliwa. Rekodi kwa namna ambayo uso haumo kabisa: mikono inayosuka nywele, miguu inayoning'inia kwenye benchi, kivuli ukutani, mgongo ulioelekea dirishani. Mpiga picha mzuri atakupa picha zenye uhai kuliko uso uliotiwa ukungu, ambao mtazamaji huuona kama wa mhalifu.

Sauti nayo ni alama. Kuizamisha ili iwe nzito kunaweza kugeuzwa na mtu mwenye programu ya kawaida. Mwombe mtu mwingine ayasome maneno yale yale, na maandishi kwenye skrini yaseme kwamba sauti imebadilishwa.

Kisha kuna vipande vidogo ambavyo peke yake havisemi kitu, vikikutana vinasema kila kitu. Sare ya shule, kovu mkononi, mlango wa rangi ya pekee, mlio wa kengele, kazi ya baba, idadi ya ndugu. Mtazamaji wa mbali hataunganisha; jirani ataunganisha kwa dakika moja, na jirani ndiye hatari. Baada ya kila siku ya kurekodi, mpe picha mtu anayelijua eneo lakini hajui unamrekodi nani, umuulize ameona wapi. Kumbuka pia kwamba simu nyingi huhifadhi mahali video iliporekodiwa ndani ya faili lenyewe. Zima huduma hiyo kabla ya kuanza.

7. Timu na vifaa

Watu watatu wanatosha: anayeongoza, anayepiga picha, fundi sauti. Mmoja wao awe mwanamke ikiwa utawahoji wasichana, na mkalimani akihitajika asiwe ndugu wala kiongozi wa eneo. Kila mmoja asaini kanuni za kuwalinda watoto, na hakuna anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana.

Tumia kamera ndogo na mwanga wa dirishani. Wekeza kwenye sauti kuliko picha. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo kinamwacha mtoto ajisahau, ila umwombe ruhusa kabla ya kukibana, na ni bora akibane mwenyewe au mlezi wake. Onyo: kipaza hicho kinaendelea kusikia mtoto anapokwenda chooni au kumnong'oneza mama yake. Kizime kila mnapopumzika.

8. Mahojiano na mtoto

Shusha kamera ilingane na macho yake. Kaa chini kama amekaa chini. Mahali pawe anapopazoea, na awe na kitu cha kufanya kwa mikono: kuchora, kumenya, kutengeneza mdoli. Mtoto anayetazamana na mtu mzima uso kwa uso hujibu kama yuko kwa mwalimu mkuu. Kwa wadogo, dakika 20 zinatosha. Ukiona anajikuna, anatazama mlango au majibu yanakuwa "ndiyo" tupu, umeshapitiliza.

Awepo mtu anayemwamini, lakini uangalie ni nani. Kuna mtu mzima ambaye kuwapo kwake humfunga mtoto mdomo. Muulize mtoto faraghani: ungependa nani akae nawe?

Anza na leo. Unapenda kukaa wapi? Nani anakuchekesha? Usiulize "kwa nini", maana kwa mtoto neno hilo lina harufu ya lawama: kwa nini ulitoroka, kwa nini hukusema. Uliza "ilikuwaje" na "halafu?" Usimlazimishe kurudia tukio lenyewe la ukatili. Taarifa za tukio unaweza kuzipata kwa mlezi, kwa hati, kwa mfanyakazi wa ustawi. Kwa mtoto tafuta kile ambacho hakuna mwingine anayekijua: namna anavyoiona dunia sasa.

Nitakupa mfano. Msichana wa miaka 11 aliyekuwa akiwalea wadogo zake wawili alijibu maswali yetu yote kwa neno moja moja. Tukaacha kuuliza, tukamwomba atuonyeshe anavyofunga mlango usiku. Aliweka ndoo mbili za bati zikiegemea mlango, moja juu ya nyingine, akapima kwa kidole kama zitaanguka. Akasema: "Zikilia, mimi naamka. Wao wasiamke." Hatukuhitaji kumuuliza kuhusu hofu.

Akilia, mwendeshaji kamera ashushe kamera bila kusubiri amri. Usimkimbilie na leso kama vile analia vibaya. Nyamaza naye, mpe maji, muulize anataka nini sasa. Akitaka kuendelea, aamue yeye, tena baada ya mapumziko ya kweli. Na kila mazungumzo yamalizikie kwenye jambo la sasa lenye wepesi. Usimwache mtoto kwenye shimo kwa kuwa kadi ya kumbukumbu imejaa.

Usimwigizishe yaliyompata. Asionyeshe alivyopigwa, asirudi kulala pale alipokuwa akilala barabarani ili upate picha.

9. Akikufichulia jambo

Siku moja mtoto atasema kitu ambacho hajamwambia mtu. Jiandae kabla. Usiahidi siri: "Sitamwambia mtu" ni uongo unaoweza kumgharimu. Sema: "Asante kwa kuniambia. Si kosa lako. Inabidi nimwambie mtu anayeweza kusaidia, na nitakueleza ni nani." Usimhoji zaidi, kwa sababu wewe si mpelelezi na maswali yako yanaweza kuharibu ushahidi. Zima kamera, andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, kisha mpigie mtu mliyekubaliana naye tangu mwanzo: afisa ustawi wa jamii au mtaalamu wa ulinzi wa mtoto. Namba hiyo iwe kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku, juu kabisa. Filamu inasubiri.

10. Familia si tatizo lake

Hapa ndipo filamu nyingi hudhoofika, nami nimekaa muda mrefu nikilifikiria. Tunapokwenda kutafuta shida tunarudi na shida tupu, na familia nzima inageuka kuwa kidonda chenye majina. Rekodi siku za kawaida. Rekodi wakicheka, wakigombania redio, baba akimfunga mtoto kamba za viatu kwa mikono inayotetemeka kwa ulevi. Picha hiyo ya mwisho ina upendo na maafa ndani yake kwa pamoja, nayo ni ya kweli kuliko sentensi yoyote kuhusu "baba mlevi".

Halafu panda ngazi. Kama watoto watatu mtaa mmoja wameacha shule, kuna mtu aliyepanga ada, aliyefunga zahanati, aliyechelewesha hukumu. Mtafute na umhoji kwa uzito ule ule. Filamu inayomwonyesha mama aliyeshindwa bila kuonyesha kilichomshinda inamwonea. Na yeyote anayetuhumiwa apewe nafasi halisi ya kujibu, kwa maandishi, na muda wa kutosha.

11. Mikanda yako ni siri za watu

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyingine. Diski zifungwe kwa nenosiri. Majina halisi yasiwemo kwenye majina ya mafaili. Tumia namba, na orodha inayounganisha namba na watu ihifadhiwe peke yake. Kadi zifutwe baada ya nakala kuhakikiwa, si kukaa kwenye begi la kamera. Amua mapema mikanda mibichi itaishi miaka mingapi na nani atakayeifuta.

12. Chumba cha uhariri

Andika mazungumzo yote kabla ya kukata. Kama yametafsiriwa, mpe mtu wa pili ayapitie. Nimeona maandishi ya chini ya skrini yaliyomfanya mama aliyekuwa akifoka aonekane anabembeleza. Mtoto akisema sentensi mbili katika siku mbili tofauti, usiziunganishe zikawa jibu moja.

Muziki ndio mwongo mkubwa wa chumba hiki. Ondoa vinanda vyote vya huzuni, utazame tukio likiwa tupu. Likisimama, liache hivyo. Lisiposimama, tatizo ni picha, na muziki utalificha tu.

Chunga maneno ya msimulizi. "Mtoto anayeishi mtaani" ni mtoto, "chokoraa" ni tusi. Usiseme "sauti ya wasio na sauti". Sauti wanayo, umeisikia saa 60. Na usimtabirie mtoto mwisho mbaya, kwa sababu ataisikia hukumu hiyo.

13. Waonyeshe kabla ya dunia kuona

Nenda nyumbani kwao na kompyuta. Tazama nao, ukitazama nyuso zao badala ya skrini. Kisha zungumza na mtoto kando na wazazi, maana huenda kinachomtia aibu hawezi kukitaja mbele yao. Waeleze wazi nini wanaweza kubadilisha: chochote kinachohusu usalama na faragha yao kitaondolewa, hoja ya filamu na yaliyosemwa na wengine ni wajibu wa mwongozaji. Weka siku za ziada za uhariri kwenye bajeti kwa ajili ya kikao hiki. Usipoziweka, utajikuta unaitetea picha ya godoro.

14. Kuitoa

Pangeni na familia itoke lini na ianzie wapi. Isiangukie wiki ya mitihani ya mtoto wala siku ya hukumu. Mwalimu na mfanyakazi wa ustawi wajue tarehe, wawe karibu naye wiki hiyo. Simamia mwenyewe picha ya jalada na kichwa cha habari, kwa kuwa kituo kinachoirusha kitataka uso unaolia; andika kwenye mkataba kwamba picha za matangazo zinahitaji idhini yako. Funga sehemu ya maoni. Kama kuna watu watakaotaka kusaidia, michango iende kwa taasisi yenye hesabu zinazokaguliwa, isiende kwenye namba ya simu ya familia, maana fedha za ghafla huleta jamaa wa ghafla na maadui.

Wewe na timu yako nanyi mtabeba mliyoyasikia. Mhariri hasa, anayeisikia sentensi ile ile mara mia akiwa peke yake usiku. Mpangieni mtu wa kuzungumza naye.

15. Baada ya hapo

Kwenye kalenda yangu kila familia ina tarehe zake: wiki ya kwanza baada ya filamu kutoka, mwezi wa kwanza, mwezi wa sita, mwaka. Napiga simu hata kama sina la kusema. Na kila mtoto ana tarehe moja zaidi, siku anapotimiza miaka 18. Siku hiyo ridhaa iliyotolewa na mlezi wake inapaswa kuwa yake, kwa hiyo ninamrudia na fomu ile ile.

Yule mvulana wa daftari la michoro nilimrudia mwaka aliotimiza 18. Aliisoma fomu yote mwenyewe, taratibu, kisanduku kwa kisanduku. Sura aliiruhusu. Sauti aliiruhusu. Kwenye vipande vifupi vya mitandaoni, ambavyo bibi yake alikuwa ameviruhusu miaka tisa nyuma, alichora mstari na kutia saini pembeni. Vilikuwa vipande vitatu. Tuliviondoa wiki hiyo, na tukawaandikia wote waliokuwa wamevirusha tena.